Muyaka Tumweke Herufi Gani?

Hotuba kwa wakutubi wa vyuo na watunza kumbukumbu, Tanga

Ndugu mwenyekiti, wakutubi wenzangu, watunza kumbukumbu, na ninyi vijana wa kompyuta mliowahi viti vya nyuma karibu na soketi: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie programu huria za kujengea maktaba za kidijitali. Waliponipigia simu niliwauliza, jamani, mmekosa mtaalamu? Mimi ni mkutubi. Kazi hii nimefundishwa kwa kadi za katalogi, kalamu ya wino mweusi na mzee mmoja aliyekuwa akipima nafasi kati ya mstari na mstari kwa rula. Wakanijibu, ndiyo maana tunakutaka wewe, mama. Basi vijana, nikikosea neno la kiufundi mnisahihishe chai ikija. Si sasa.

Nianze na kilichonikuta. Chuo ninachofanyia kazi kilinunua mfumo wa maktaba miaka kadhaa iliyopita. Wauzaji siwataji, hawapo hapa kujitetea. Sura yake ilipendeza, na mafunzo yake yalikuwa na chakula cha mchana. Tukalipa ada ya mwaka wa kwanza, tukalipa ya pili. Mwaka wa tatu fedha zikachelewa kutoka, kama zinavyochelewa kwenu. Asubuhi moja nawasha kompyuta, nakuta ukurasa unanitaka nilipe kwanza. Vitabu vyangu vipo rafuni, naviona kwa macho. Ila maelezo yake yote, kazi ya vidole vyetu ya likizo mbili nzima, yamefungiwa ndani na ufunguo anao mwingine. Nikaomba basi wanipe orodha tu, niichapishe. Nikaambiwa mkataba hauna kipengele hicho. Nikaenda stoo, nikafuta vumbi makabati ya kadi. Kadi zilikuwepo. Mchwa walikuwa wamekula pembe za droo ya herufi N, basi.

Tangu siku ile, mtu akiniletea programu simuulizi inafanya nini. Namuuliza, siku nikitaka kuhama, nahama na nini?

Hilo swali ndilo lililonifikisha kwenye programu huria. Sikuvutwa na bei. Wengi wetu tukisikia "huria" tunasikia "bure", tunafurahi, tunapakua, halafu wiki ya pili tunashangaa kwamba kompyuta imekufa na hakuna wa kumpigia simu. Bure ni bei, huria ni ruhusa. Leseni kama ile ya GNU GPL inakuruhusu kuitumia programu kwa kazi yoyote, kufungua msimbo wake uone ilivyoundwa, kuibadilisha ikufae, na kumpa jirani nakala, iwe ile uliyoipokea au hiyo uliyoibadilisha. Ukimpa, naye ana ruhusa zilezile. Fundi utamlipa, umeme utalipa, skana utanunua. Ila mlango hautafungwa na mtu mwingine.

Programu nitakayokaa nayo leo inaitwa Greenstone. Imetengenezwa katika Chuo Kikuu cha Waikato, mjini Hamilton, New Zealand, na watu wa mradi wa maktaba ya kidijitali wa nchi hiyo, uliokuwa ukiongozwa na Ian Witten. Mwaka 2000 wakashikana mikono na UNESCO na shirika la Human Info NGO la Ubelgiji ili ienezwe katika nchi zetu hizi. Inatolewa kwa leseni hiyohiyo ya GNU GPL. Jina lake maana yake jiwe la kijani, lile ambalo Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, huliita pounamu. Kwao hilo ni jiwe la heshima: huchongwa vidani na silaha, hupewa mtu, hurithiwa.

Na wale wanaofanya kazi ya kuazimisha vitabu wanaijua ndugu yake, Koha. Hiyo pia ni ya New Zealand na jina lake ni la Kimaori, maana yake zawadi. Maktaba za eneo la Horowhenua zilikuwa na mfumo wa zamani ambao usingeuvuka mwaka 2000, ule mwaka ambao kompyuta zilihofiwa kukosea tarehe. Wakakaa na kampuni ya Katipo, wakaunda wa kwao, ukaanza kazi Januari 2000, kisha wakaugawa kwa dunia. Eneo dogo hilo, si jiji. Naomba msichanganye lakini. Koha inakwambia kitabu kiko rafu gani na nani amekiazima. Greenstone inashika kitabu chenyewe, unakifungua na kukisoma. Kila nikizungumza mahali, kuna mtu ananiuliza achague ipi kati ya hizo mbili, ni kama kuniuliza achague sufuria au sahani.

Sasa niwapeleke stoo kwetu.

Tunayo makasha ya vijarida. Vingine ni vya mkonge: miongozo ya mashamba, taarifa, picha za korona, zile mashine za kuchambua mkonge, na za reli ndogo za mashambani. Mkonge, kwa mliotoka mbali, ndio uliolisha mji huu, na wenyeji mnajua habari ya Mjerumani Richard Hindorf aliyeagiza miche elfu moja mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndiyo ikawa mashamba yote. Makasha mengine yana nakala za Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa mwaka 1923 na idara ya elimu ya Tanganyika. Karatasi zake sasa ukizikunja zinakatika kama chapati kavu. Mwanafunzi akija kuulizia shairi la zamani, mtunzaji wetu anamwangalia mikono kwanza.

Tukaanza na kasha moja. Kijana wetu wa TEHAMA akaweka Greenstone kwenye kompyuta ya mezani, ya kawaida kabisa. Ina dirisha la mkutubi, ambalo halikutaki ujue kuandika programu. Upande wa kushoto unaona mafaili yako, upande wa kulia mkusanyo unaoujenga. Unaburuta kutoka huku kwenda kule. Hatua inayofuata unaandika maelezo ya kila kipengele: kichwa, mtunzi, tarehe, mada. Sanduku hizo ni zile kumi na tano za Dublin Core, utaratibu wa kimataifa wa kuandika maelezo ya nyaraka, na Dublin yenyewe ni ya Ohio, Marekani, walikokutana mwaka 1995, si ile ya Ireland. Unachagua plagini, yaani visaidizi vya programu vya kusomea aina ya mafaili uliyonayo, za PDF, za Word, za picha. Unachagua watu wapekue kwa orodha zipi. Kisha unabonyeza kitufe cha kujenga, unakwenda kunywa maji, ukirudi unakuta mkusanyo una fahirisi yake na kisanduku cha kutafutia.

Kwa maneno hivyo ni rahisi. Ya kwetu ya kwanza haikwenda hivyo.

Tuliskani wiki tatu. Ukurasa kwa ukurasa, madirisha tumefunga upepo wa bahari usipeperushe karatasi. Tukaburuta, tukaandika maelezo, tukabonyeza. Mkusanyo ukajengeka bila lalamiko hata moja. Nikamwita mkuu wa idara aje ashuhudie. Nikaandika "mkonge" kwenye kisanduku cha kutafutia, mbele yake. Majibu: sifuri. Nikaandika "Tanga". Sifuri. Mkuu akaniambia kwa upole, "Pengine mtandao uko chini." Mtandao hatukuwa nao kabisa.

Kijana akainama, akasogeza kipanya, akachekea puani. "Mama, hizi PDF ni picha."

"Ni picha vipi, na maandishi nayasoma?"

"Wewe unayasoma. Mashine haiyasomi. Haijui kama ile ni M au ni mguu wa kiti."

Ndipo nilipojua habari ya programu za kutambua herufi. Nayo ipo ya huria, Tesseract, iliyoanzia kwenye maabara za kampuni ya kompyuta ya HP miaka ya themanini, ikafunguliwa msimbo mwaka 2005, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha ilizofunzwa. Unapitisha picha humo kwanza, zinatoka na maandishi, ndipo unajenga. Sasa msidhani inasoma kama mwalimu. Karatasi ya Mambo Leo yenye madoa ya kahawa inarudi na "ng'ombe" aliyekatwa mara tatu. Ule mkato wa juu unaichanganya sana. Tunasahihisha kwa mkono vichwa vya habari na majina ya watu, miili ya makala tunaiacha ilivyo, na picha ya ukurasa inabaki palepale msomaji ajionee. Hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hizo hatuzipitishi humo. Tunaweka picha, na pembeni anakaa mzee anayezijua, anasoma, binti anaandika.

Wamaori wamepita njia hii kabla yetu. Watu wa Waikato walijenga mkusanyo uitwao Niupepa, yaani magazeti ya Kimaori yaliyochapishwa kati ya 1842 na 1932, kurasa zaidi ya 17,000, kutoka kwenye filamu ndogo za Maktaba ya Alexander Turnbull ya hukohuko New Zealand. Sehemu kubwa ni Kimaori kitupu. Ukiufungua unapata picha ya ukurasa, unapata maandishi yake yanayotafutika, na muhtasari wa Kiingereza kwa asiyejua lugha. Magazeti hayo ni ya watu waliokuwa wakigombania ardhi yao, na leo mjukuu anaandika jina la ukoo wake anapata barua ya babu yake. Nilipouona mkusanyo huo nilifikiria makasha yetu, nikasikia aibu kidogo, niseme kweli.

Nirudi kwenye lile swali la kuhama, maana ndilo nililokuja nalo. Fungueni folda ya mkusanyo wa Greenstone muone. Ndani kuna folda iitwayo import. Humo ndimo ulimoweka mafaili yako, nayo yamekaa vilevile ulivyoyaweka, PDF ni PDF, picha ni picha. Pembeni yake kuna faili dogo, metadata.xml. Lifungueni kwa programu yoyote ya kuandikia, hata ile ya daftari inayokuja na kompyuta. Mtaona jina la faili, chini yake kichwa, mtunzi, tarehe, kwa maandishi yanayosomeka na macho ya binadamu. Maelezo yote mliyoyaandika yamo humo, kando ya vitu vyenyewe. Fahirisi, orodha, kurasa za kupendeza, vyote hivyo vinapikwa upya kutoka hapo kila ukibonyeza kujenga. Kwa hiyo Greenstone ikifa kesho, Waikato wakafunga na kwenda kulima, mimi nabeba folda moja kwenye fleshi na nimehama na kila kitu. Mzee wangu wa rula nilimwonyesha faili hilo. Akalisoma mstari kwa mstari, akavua miwani, akasema, "Hii ni kadi."

Ndiyo, mzee. Ni kadi, na mchwa hawaili. Ila fleshi inaungua na kompyuta inaibiwa, kwa hiyo nakala ziwe tatu, na moja isilale jengo hilohilo.

Jambo la mtandao. Najua humu ndani kuna vyuo ambavyo intaneti inakuja kama mgeni wa harusi, imechelewa na haikai. Greenstone imezaliwa na watu waliolijua hilo. Unaweza kuutoa mkusanyo mzima kwenye diski ukafunguka kwenye kompyuta ambayo haijaunganishwa popote, ukiwa na utafutaji wake wote. Human Info NGO walifanya hivyo kwa vitabu vya kilimo, afya, maji na ufugaji: machapisho zaidi ya 1,200 kwenye CD moja. Vingechapwa kwenye karatasi vingefika kilo 340, bajaji ingegoma. Leo CD zimekwisha, kompyuta mpakato hata tundu lake hazina. Sisi tunatumia kompyuta moja ya maktaba kuwa seva, yaani ya kuhudumia nyingine, na waya unaokwenda kwenye chumba cha kusomea. Wanafunzi wanafungua kivinjari, wanatafuta, na hakuna bando linaloliwa.

Je, ni Greenstone tu? Hapana. Kama kazi yenu ni tasnifu na makala za wahadhiri, zinazoongezeka kila muhula na kila mmoja anapakia ya kwake, tazameni DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na HP. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaitumia, Nairobi wanaitumia. Nayo ni huria. Lakini inataka seva inayowaka usiku na mchana na mtu anayeijua hifadhidata kwa jina la ukoo. Mtu huyo mkimpata, akiolewa mkoa mwingine mnabaki mnaangaliana. Greenstone sura yake ni ya kizamani, sikatai, wanafunzi wangu wanaicheka. Kwa makasha machache, kompyuta moja na mkutubi mmoja, mimi nimeishia hapo.

Sasa nifike mahali ambapo hakuna programu itakayotusaidia, na hapa ndipo ninapowahitaji.

Programu hizi zimetungwa na watu ambao neno lao hubadilika mkiani. Ukiomba itafute pamoja na maneno ya jamii moja, inakata mkia wa neno la Kiingereza na kulinganisha kilichobaki. Ukitaka kutafuta kwa sehemu ya neno, unaandika mwanzo wake, unaweka kinyota mwishoni. Kiswahili chetu kinabadilika kichwani kwanza. Mwanafunzi akiandika "mtoto" hapati "watoto". Akiandika "soma" hapati "alisoma", "hawakusoma", "kisomo". Akiandika "som" na kinyota mwishoni kitamletea "somo" na "someni", basi. Sisi tunafanya hivi: kwenye sanduku la mada tunaandika umoja na wingi, mkulima, wakulima, kilimo, shamba, mashamba. Ni kazi ya punda lakini inazaa. Vijana wa kompyuta, msimbo uko wazi, leseni inawaruhusu, na mzigo huu ni wa kwenu kuliko wangu. Na msisahau kwamba tahajia ya sasa ilisanifiwa kuanzia mwaka 1930, kwa hiyo nakala za mwanzo za Mambo Leo zina maneno ambayo mtoto wa leo hatayaandika hivyo akitafuta.

Orodha za vichwa nazo. Kwa Kiingereza wanaruka kile kineno cha mwanzo, "the" au "a", wanapanga kwa neno linalofuata. Kwetu tulipojenga orodha ya kwanza, herufi U ilifurika kwa sababu kila kitu ni Utenzi wa hiki na Utenzi wa kile, na K ikajaa Kitabu cha. Herufi nyingine zimekaa tupu kama madarasa ya Ijumaa jioni. Tukaongeza sanduku la pili la kichwa cha kupangia, lenye neno lenye uzito. Utenzi wa Tambuka anakaa T.

Na majina ya watu. Hapa tuligombana siku nzima, na mimi ndiye niliyepandisha sauti. Shaaban Robert nilimkuta kwenye kumbukumbu zetu kwa namna nne: Shaaban Robert, Shabani Robert, Robert Shaaban, na S. Robert. Mashine inaona watu wanne. Tukakubaliana namna moja, tukaibandika ukutani juu ya skana. Huyo alikuwa mwepesi. Kijana akaniuliza, "Mama, jina la ukoo la Muyaka ni lipi?" Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, yule mshairi wa kale wa Mombasa. Kanuni nilizofundishwa zinataka jina la ukoo litangulie, basi ningemweka G. Lakini nani katika pwani hii, Mombasa au Tanga, amewahi kuingia maktaba akaulizia mashairi ya Ghassaniy? Haji ni baba yake. Watu wanamjua kwa Muyaka. Nilimweka M, mwenzangu wa chuo cha jirani kamweka G, na mwingine, nimeona kwenye orodha yake, kamweka B, kwa hilo "bin".

Siku tukiunganisha mikusanyo yetu, na programu hizi zinaunganishika, tutakuwa na Muyaka watatu.

Mchana tutafungua kompyuta. Nimeomba kila chuo kije na kipande kimoja tu cha karatasi kisichopatikana kwingine, na nimeona wengine mmekuja na bahasha, ahsanteni. Tutaskani, tutapitisha Tesseract, tutajenga, kila mmoja ataondoka na folda yake. Ila kabla chai haijaingia, na naona akina mama wa jikoni wameshafika mlangoni, naomba mikono. Wa kumweka Muyaka herufi M, nyosheni.